Bwami wa Walega: watu «wasio na dola» walijitawala ginsi gani?

Mwaka 1973 Mbelgiji Daniel Biebuyck alitoa kitabu kwa Kiingereza, jina lake Lega Culture. Alifanya uchunguzi kwa Walega katika miaka ya 1950, na mpaka leo mwenyi kutaka kujifunza Bwami anapitia kitabu hicho. Chini ya jina aliongeza kwamba anaeleza sanaa, mafundisho ya kuingizwa na falsafa ya adabu ya watu wa Afrika ya Kati. Watu kama hao wanaitwa pengine «wasio na dola», na neno hili njo tunataka kulipima hapa.

Neno lenyewe si tusi. Linataka kusema kwamba Walega hawakuwa na mfalme mmoja wala askari wa mfalme, na ni kweli. Lakini vijana wetu wakisikia «bila dola» wanaelewa «bila sheria, kila mtu anafanya anavyotaka». Hapo tunakataa. Kitabu cha Biebuyck, ukikisoma mpaka mwisho, kinaonyesha kinyume cha ginsi watu wanavyoelewa neno hilo.

Tuangalie Bwami ilivyokuwa, ku Mwenga, Shabunda na Pangi. Kwa wanaume kulikuwa ngazi: Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio, na juu kabisa Kindi, ingawa hesabu ilibadilika kidogo kufuatana na eneo. Hakuna aliyepanda peke yake. Alihitaji wajomba, wakwe na ndugu wamsaidie kukusanya mali, na wenyi ngazi wakubali mwenendo wake. Mtu wa hasira, wa matusi, asiyeheshimu jamaa yake, angempata nani wa kumsindikiza? Na mali yenyewe haikulala kwa mtu mmoja: iligawanywa. Hata Kindi hakufika huko bila mke wake, ambaye naye aliingia katika ngazi yake ya Bunyamwa.

Lililotafutwa Walega wanaliita busoga: wema na uzuri kwa neno moja. Njo maana vitu vya Bwami havikuwa mapambo. Lukwakongo, kinyago kidogo cha mti cha mwenyi Yananio, mara nyingi hakikuvaliwa usoni. Kilishikwa mkononi, kilifungwa ku mkono, ao kilitandikwa chini pamoja na vingine. Sanamu ya mtu wa mkono mmoja ilifundisha hasara ya ugomvi. Ile ya vichwa vingi ilionyesha mwenyi hekima, anayeangalia pande zote mbele ya kukata neno. Mwanafunzi aliona kitu, akasikia mezali, akacheza ngoma, na fundisho likaingia. Kindi hakuwa na askari wa kumlazimisha mtu. Alisikilizwa juu ya watu walimjua: huyu amekwisha kujishinda mwenyewe.

Wakoloni waliona hatari hiyo. Walikataza Bwami mwaka 1933, tena mwaka 1948. Walitaka chefu mmoja wa kuitwa na administratera, wa kutoa wafanyakazi na kodi. Heshima inayopatikana polepole kwa mwenendo ni vigumu kuiamuru kwa barua.

Lakini tusijidanganye. Bwami iliomba mali mingi, na yatima asiye na jamaa alibaki chini, hata kama roho yake ilikuwa safi. Mwanamke alipanda kupitia mume wake. Mafundisho yalikuwa ya siri. Anayesema leo kwamba wazee wetu walikuwa na demokrasi kamili anasema uongo wa kutupendeza, na uongo wa kutupendeza haujengi inchi.

Tena kuna kosa lingine, na hili ni letu. Pembe za Kindi zimewekwa nyuma ya vioo Ulaya, na tunalalamika, tuko na haki. Lakini sisi wenyewe, katika sikukuu zetu, tunafanya nini? Tunamvalisha mwanasiasa kofia yenye mkia wa tembo kwa sababu ametoa bia na falanga. Hakuna aliyeuliza mwenendo wake, wala ginsi anavyoishi na jamaa yake. Ya Ulaya angalau inaandikwa kwamba ni kitu cha zamani. Yetu inauzwa kama heshima ya leo. Ni ipi inaua Bwami zaidi?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema, katika kifungu cha 3, kwamba miji, komini, sekta na sheferi zijiongoze. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila. Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo. Sekta na sheferi hazikuchagua wao. Tuna haki ya kudai kura hiyo. Lakini siku itakapofika, kama sauti yetu inauzwa kwa kilo ya chumvi ao kitambaa, tutakuwa na dola na hatutajitawala.

Basi, neno «wasio na dola» tuliache, kwani yaliyomo ndani ya kitabu cha Biebuyck yanalishinda. Sisi tubaki na ulizo lile wenyi ngazi walilomwuliza kila aliyetaka kupanda, na tumwulize kila anayetaka tumwite mkubwa: umekwisha kujitawala wewe mwenyewe? Na mbele ya kumwuliza yeye, tujiulize sisi.