Neno «Mlango»: Maana Zake na Asili Yake

Katika maneno ya nyumbani ni machache yaliyozoeleka kuliko neno mlango. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Lakini neno lililozoeleka mno huacha kuangaliwa, na lisipoangaliwa hufasiriwa vibaya. Twapenda kulipima neno hili hapa, kwa kuwa twaona ya kwamba maelezo yatolewayo mara nyingi darasani yamelipindua: la mwanzo limewekwa mwisho, na la mwisho limewekwa mwanzo.

Maelezo hayo ni haya. Wanafunzi huambiwa kwamba maana halisi ya mlango ni ule ubao ufungwao na kufunguliwa. Na kwamba maana zilizosalia, yaani mlango wa bahari, mlango wa kitabu, mlango wa ukoo na milango ya fahamu, ni mafumbo yaliyotokana na ubao huo. Akubaliye hivyo yampasa aonyeshe ubao na bahari vimefanana wapi, au ubao na watoto wa mama mmoja wana ujamaa gani. Jambo hilo haliwezekani. Sisi twasema kwamba mlango kwanza ni uwazi wa kupitia. Ubao ulifuata, ukapata jina la mahali ulipowekwa.

Ushahidi wa kwanza umo katika usemi wa kila siku. Mtu aambiwapo, «Usisimame mlangoni,» haambiwi ashuke juu ya ubao. Aambiwa aondoke penye njia. Tukisema mlango u wazi, kilicho wazi ni nafasi. Ubao wenyewe umesukumwa kando. Tena kiko kitendawili cha wazee wetu: «Nyumba yangu haina mlango.» Jibu lake ni yai. Mtega kitendawili hakusema kwamba yai limekosa ubao, maana vibanda vingi vimekosa ubao wala si ajabu. Ajabu ya yai ni kwamba halina hata upenyo wa kuingilia.

Ushahidi wa pili watoka kwa maseremala wa pwani. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ina sehemu nyingi, na kila sehemu ina jina lake. Mti wa juu na wa chini ni vizingiti. Miti ya kusimama huku na huku ni miimo. Kipande cha katikati kinachofunika mwungano wa mbao mbili ni mfaa. Mbao zenyewe ni mbili, lakini hakuna asemaye kwamba nyumba ile ina milango miwili. Mlango ni mmoja, kwa sababu njia ni moja.

Ushahidi wa tatu, nao ndio wenye nguvu zaidi, watoka kwa ndugu wa Kiswahili. Neno hili ni la Kibantu hasa, wala si la kuazimwa. Waganda husema omulyango, Wanyarwanda umuryango, Wazulu umnyango. Wazulu wako mbali nasi sana, lakini neno lao ni lile lile. Basi ni la zamani mno. Sasa tazameni: katika lugha hizo uwazi na ubao vina majina mbalimbali. Kwa Waganda njia ni omulyango, na ubao wake ni oluggi. Kwa Wanyarwanda njia ni umuryango, na ubao ni urugi. Kwa Wazulu njia ni umnyango, na ubao ni isicabha. Popote neno letu lina mwenziwe, neno letu ndilo lililoshika maana ya njia. Kiswahili kimeyabebesha neno moja mambo yote mawili.

Hapo pana ubishi wa haki ambao hatuwezi kuupita. Mtu atasema, «Lakini twanena mlango wa mninga, na mlango umevunjwa, je, uwazi huvunjwa?» Ni kweli; leo mlango ni ubao pia, wala hatumkosoi asemaye hivyo. Tunalokataa ni kuiita maana hiyo shina, na nyingine zote matawi. Jina la mahali kupewa kitu kikaacho pale si jambo geni. Hata neno nyumba, kwa Waswahili wengi, limekuwa jina la mke aliyemo.

Tukiisha kushika shina, matawi hujieleza yenyewe. Mlango wa bahari ni njia nyembamba ambayo vyombo hupita kutoka maji haya kwenda maji yale. Waarabu nao wameona vivyo hivyo, maana Bab-el-Mandeb, ile njia iliyo kati ya Yemeni na Afrika, jina lake laanza na bab, nalo ni mlango. Milango mitano ya fahamu ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, yaani njia ambazo habari za dunia hutuingilia.

Mlango wa ukoo wataka maneno zaidi. Watu wa pwani husema fulani ni wa mlango fulani, maana yake ni wa jamaa fulani. Nyarwanda ni hivyo hivyo: umuryango ni njia ya nyumba, tena ni jamaa, na neno hilo limepanuka hata Umoja wa Mataifa huitwa Umuryango w'Abibumbye. Wazulu nao wameliendeleza, hata idara ya serikali huitwa umnyango. Twaona sababu yake ni nyepesi. Katika mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke ana nyumba yake, na watoto wake hutoka kwa mlango mmoja. Ndiyo maana pwani neno mlango hukaa karibu na neno tumbo, ambalo nalo ni jina la jamaa. Watu huhesabiwa kwa njia waliyotokea.

Mlango wa kitabu una historia nyingine, na hapo yafaa tuwe waangalifu. Hautokani na nyumba ya Kibantu, bali na chuo. Vitabu vya elimu ya Kiarabu vimegawanywa kwa bab, mlango baada ya mlango. Na Wayahudi wa kale walikuwa na desturi iyo hiyo, kwa kuwa vitabu vitatu vya Talmudi huitwa Mlango wa Kwanza, Mlango wa Katikati na Mlango wa Mwisho. Waswahili walifasiri bab kwa neno lao wenyewe, nao wafasiri wa Biblia wakalifuata. Siku hizi wengi husema sura, neno la Kiarabu lililo jina la mafungu ya Kurani. Hatuligombezi, ila asemaye mlango hakosi, wala halitumii neno la ubao. Amwonyesha msomaji mahali pa kuingilia.

Huenda mtu akauliza, yote haya yana faida gani? Kamusi za zamani, ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya 1903 na ile ya Kamati ya Lugha ya 1939, zilifasiri Kiswahili kwa Kiingereza, zikimhudumia hasa mgeni ajifunzaye. Mgeni hutafuta kwanza kitu cha kushika kwa mkono. Kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 twaweza kueleza Kiswahili kwa Kiswahili, lakini darasani mazoea ya mgeni yangaliko. Nayo yana hasara. Msomaji wa Yohana 10, ambamo Bwana hujiita mlango wa kondoo, akiwaza ubao atashangaa mtu hupitaje ndani yake; akiwaza njia, ameelewa. Tena tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wamekuwa wakipewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Msichana akimwuliza mwalimu mlango huo ni nini, jibu la ubao litamtia hofu au kicheko. Ajibiwe kwamba ni njia nyembamba ambayo mtoto hupita azaliwapo, naye atajua anakingwa wapi.

Basi twawasihi waalimu, wafundishapo neno hili, waanze na uwazi, kisha ndipo wautaje ubao. Na wafanye vivyo hivyo kwa maneno mengine ya nyumbani: wasitosheke na kitu kionekanacho, bali waulize kwanza kazi yake, kisha wawasikilize jirani zetu husemaje. Maneno madogo yamechukua mambo ya wazee wetu ambayo hayakuandikwa popote. Nasi tukiyafundisha kwa haraka, tutawapa watoto ubao uliofungwa.