Kulinda Bodi ya Pikapu Sydney: Kazi Kubwa Iko Kwenye Msasa

Rangi ya kiwandani iliyo ndani ya bodi ya pikapu kwa kawaida ni ileile iliyopakwa milangoni, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Juu ya rangi hiyo fundi ujenzi wa Blacktown hutupia sepeto, mabomba ya chuma na mifuko ya saruji wiki nzima. Mkwaruzo ukishafika kwenye bati, maji huingia, na kutu hutambaa chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Kwa hiyo kila ndugu yetu hapa magharibi mwa Sydney anayenunua Hilux au Ranger kwa ajili ya kazi, iwe ya vigae, bustani au kuhamisha samani, hukutana mapema na swali la utando wa kupuliza, yaani tabaka la kinga linalopulizwa ndani ya bodi. Wengi huuliza jina la bidhaa na bei. Wachache mno huuliza fundi atafanya nini kabla hajashika bunduki ya rangi, na hapo ndipo uimara wa utando unapoamuliwa.

Njia ya zamani ni beseni la plastiki ngumu linalotumbukizwa ndani ya bodi na kukazwa kwa skrubu. Sitalidharau. Tofali likianguka, beseni hulikinga bati lisibonyee vizuri zaidi kuliko utando wowote mwembamba, na likichakaa unaling'oa na kuweka jingine. Tatizo ni kwamba halishikamani na bodi. Gari linapotikisika, nalo hucheza. Mchanga ukipenya chini yake, husugua rangi taratibu mpaka bati linabaki wazi, na maji ya mvua hutuama humo bila kupata jua. Mwaka 2022 Sydney ilipata mvua nyingi kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1858. Gari lililolala nje mwaka ule likiwa na beseni la namna hii linastahili kufunguliwa na kukaguliwa.

Beseni la plastiki lina hatari nyingine ambayo wabebaji wa mashine za kukatia nyasi wanapaswa kuijua. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilionya kuhusu mioto iliyotokea wakati watu wakijaza madumu ya petroli yakiwa yamekaa juu ya plastiki hiyo. Umeme tuli hujikusanya kwenye dumu, plastiki inauzuia kushuka ardhini, na cheche moja inatosha. Dumu lishushwe chini kabla ya kujazwa, hata kama bodi ina utando wa kupuliza.

Njia ya pili ni boksi la vifaa vya kupuliza utando mwenyewe. Linalojulikana zaidi ni Raptor ya kampuni ya U-POL: chupa nne za mililita 750, pamoja na lita moja ya kigumishi, jumla lita nne. Tupige hesabu. Chukua bodi ya pikapu ya milango minne yenye urefu wa mita moja na nusu, upana kama huo na kina cha nusu mita. Sakafu ina mita za mraba 2.25, pande nne zina 3, jumla 5.25. Ukisambaza lita nne juu ya eneo hilo bila kumwaga tone, unapata unene wa milimita 0.76 ukiwa mbichi, na ukikauka unapungua, kwa sababu sehemu ya majimaji yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani. Sasa fundi anayekuahidi milimita tatu kwenye eneo hilohilo anahitaji karibu lita 16 za maji mazito yasiyo na kiyeyushi, yaani takriban kilo 16 au 17. Kwa gari linalobeba hadi tani moja uzito huo si kitu, lakini hesabu yenyewe inasaidia sana: ukimwona mtu anaahidi milimita tatu na dukani kwake kuna boksi moja la lita nne, ondoka.

Hii haimaanishi kwamba boksi halifai. Kwa gari linalobeba ngazi, masanduku ya zana na manunuzi ya Jumamosi, utando mwembamba uliopakwa vizuri unatosha kabisa. Ila isosayaneti, kemikali iliyo ndani ya kigumishi, haichezewi. Inaweza kumfanya mtu apate pumu ya kudumu, na akishaipata, hata kiasi kidogo sana huweza kumrudishia mashambulizi. Kiwango kilichotumika Australia kwa miaka mingi kama mwisho wa kuvuta hewa yenye kemikali hiyo kwa siku nzima ya kazi ni miligramu 0.02 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Barakoa ya karatasi haina msaada wowote hapo. Karakana zenye kufuata utaratibu humpa mpuliziaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ukikuta fundi anapuliza bila kinga, kumbuka kwamba anayepunja mapafu yake hatashindwa kupunja gari lako.

Njia ya tatu ndiyo ya karakana kubwa, iliyoenezwa duniani na kampuni mbili za Marekani, Rhino Linings iliyoanza mwaka 1988 na Line-X iliyoanza mwaka 1993. Mapipa mawili, moja la isosayaneti na jingine la mchanganyiko wa rezini, hupashwa moto kila moja peke yake na kusukumwa kwenye mipira hadi kwenye bunduki, na yanakutana pale mdomoni tu. Katika mitambo ya joto kali, nyuzi 60 hadi 70 hivi, msukumo unazidi psi 2,000. Yakishakutana, mmenyuko hauna subira. Ikiwa upande wa rezini una amini, zao ni poliyurea, nayo huanza kuganda ndani ya sekunde chache. Ikiwa una polioli, zao ni poliyurethani, ambayo huenda polepole zaidi. Bidhaa nyingi sokoni ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Tofauti hii si ya wanakemia peke yao. Isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hubaki ndani ya utando kama vipovu. Katika hewa nzito ya Februari hapa Sydney, poliyurethani inayochelewa kuganda ina nafasi ya kunywa unyevu. Poliyurea humaliza kazi yake kabla maji hayajajiingiza. Lakini kasi hiyo ina gharama: utando unaoganda kwa sekunde chache haupati muda wa kuzama kwenye mikwaruzo midogo ya rangi na kuishika. Bidhaa yenye nguvu zaidi ndiyo inayosamehe kidogo zaidi uzembe wa maandalizi.

Kwa hiyo tuangalie kazi inavyofanywa inapofanywa sawasawa. Kwanza mlango wa nyuma, pete za kufungia mizigo na taa hufunguliwa na kutolewa, havipulizwi vikiwa mahali pake. Bodi huoshwa kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya msasa, si baada ya msasa tu, kwa kuwa ukisugua juu ya nta au silikoni ya duka la magari unaishindilia ndani ya mikwaruzo na haitoki tena. Kisha msasa. Lengo si kufika kwenye bati, ni kuua mng'aro wote, kila sentimita, pamoja na mitaro ya sakafu. Mashine hupita haraka kwenye sehemu bapa. Kwenye kona, kuzunguka matundu ya bolti na chini ya ukingo wa juu haifiki, na huko inabidi mkono, tena kwa muda mrefu. Utando unaobanduka karibu kila mara huanzia huko. Mahali bati lilipokwisha kuwa wazi, kutu hung'olewa na praima ya epoksi hupakwa kabla ya kitu kingine.

Ukingo wa utando huchorwa kwa tepe yenye waya ndani yake: fundi hupuliza, kisha huvuta waya wakati utando ungali laini, nao hukata mstari safi. Akichelewa, atakata kwa kisu na kuikwaruza rangi pale ambapo maji yatapita. Matundu ya kutolea maji hufungwa wakati wa kupuliza na kufunguliwa baadaye. Nenda na chupa ya maji uyajaribu mwenyewe kabla ya kuondoka. Na bati liwe na joto angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande, la sivyo kuna tabaka la maji ambalo jicho halilioni na utando utakaa juu yake.

Halafu jua. Katika majira ya joto kipimo cha mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua hapa hupita 11 mara kwa mara, na tarehe 4 Januari 2020 Penrith ilifika nyuzi 48.9. Tando nyingi zimetengenezwa kwa isosayaneti ya kundi la aromatiki, ambayo jua huigeuza rangi na kuiacha na vumbi jeupe juu. Nguvu yake haipotei kwa sababu hiyo, ila sura inaharibika. Tabaka jembamba la juu la kundi la alifatiki huzuia hilo, na kwa gari lisilo na kibanda cha kulaza ningelilipia bila kusita.

Kuhusu udhamini, maneno "wa maisha" kwa kawaida humhusu mmiliki wa kwanza tu. Sheria ya walaji ya Australia, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2011, inakupa haki ya kazi iliyofanywa kwa uangalifu na ustadi hata pale karatasi ya duka inaposema vingine, na NSW Fair Trading hupokea malalamiko bila malipo.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa pikapu ya saruji, mawe na chuma, chagua utando wa joto wa poliyurea au mchanganyiko wake, milimita tatu sakafuni, na tabaka la alifatiki juu. Kwa mizigo myepesi, boksi lililopulizwa na mtu mwenye kinga na subira linatosha. Lakini kabla ya kulipa, mwambie fundi aandike kwenye risiti aina ya utando na unene wake, na umwombe uione bodi yako ikishapigwa msasa, kabla ya kupulizwa. Akikukatalia, tafuta karakana nyingine.