Agustino alipotoka kwa Wamanikeo: tukisome tena kitabu cha Maungamo

Fratri wengi wanakijua kitabu cha Maungamo cha Mutakatifu Agustino kwa sehemu mbili tu: matunda ya jirani aliyoyaiba usiku pamoja na vijana wenzake, na machozi yake katika bustani ya Milano mwaka 386. Katikati wanaruka. Hata sisi mapadri tunaporudia habari hiyo katika mahubiri, tunaruka. Tunaifanya kuwa habari ya kijana aliyeshindwa na tamaa za mwili, mama yake akamulilia, akaongoka. Si uwongo, lakini ni nusu. Kuanzia kitabu cha tatu mpaka cha saba Agustino anasimulia jambo lingine, nami naona ndilo linalotupasa zaidi siku hizi: namna mutu anavyotoka katika dini iliyomufunga akili, na namna inavyomulazimu kisha kufikiri upya juu ya Mungu, neno kwa neno, kwa miaka mingi.

Alikuwa na miaka 19 alipoingia. Kitabu kimoja cha Cicero kilikuwa kimemuwasha moyo kutafuta hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayaona kuwa ya chini karibu na luga nzuri ya Cicero. Ndipo wakamupata Wamanikeo, wafuasi wa Mani, mwalimu wa nchi ya Persia katika karne ya 3. Neno lililomuvuta alilieleza baadaye, mwaka 391, alipomuandikia rafiki yake Honorato. Wamanikeo walisema: katika Ekleziya Katolika munaamriwa kusadiki kabla ya kuelewa, lakini kwetu hakuna anayelazimishwa, sisi tunaonyesha kweli wazi kwanza. Ni kijana gani mwenye akili asiyependa kuambiwa hivyo?

Akakaa nao karibu miaka 9, katika daraja la wasikilizaji. Juu yao walikuwa wateule, wasiooa, wasiokula nyama, wasiochuma hata tunda. Wasikilizaji waliwachumia na kuwaletea chakula. Walifundishwa kwamba mutini unalia tunda lake linapokatwa, tena kwamba muteule akilila anafungua vipande vya Mungu vilivyofungwa ndani yake. Na mwenye njaa asiye wa dini yao akiomba tunda lile, kumupa kulikuwa kosa kubwa. Msicheke upesi, wandugu. Hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wa masomo, na katika mambo mengine walikuwa na huruma kama wewe na mimi. Lakini fundisho likishamushika mutu, anaweza kuhurumia tunda na kumupita mwenye njaa, na zamiri yake isimusumbue.

Ni nini kilichomushika kwa muda ule wote? Anasema mwenyewe, katika kitabu kidogo juu ya roho mbili alichokiandika akiwa padri: urafiki wa wale watu, na ushindi. Kila mara alipobishana na wakristu wasiofundishwa vizuri, alishinda, na kila ushindi ulimufunga zaidi. Wakatekista, hapa na tuone haya kidogo. Majibu yetu mabaya yalikuwa kamba moja katika zile zilizomufunga.

Ahadi ya kuonyesha kweli wazi haikudumu. Agustino alikuwa amesoma hesabu za wenye elimu ya nyota, waliojua siku ya kupatwa kwa jua na mwezi mbele haijafika. Vitabu vya Mani vilisema mengine. Alipotaka maelezo hakuyapata: aliamriwa kusadiki. Wale wasiolazimisha mutu! Wakamwambia angoje mwalimu mukubwa, Fausto. Fausto akafika Kartago, Agustino akiwa na miaka 29. Ulimi wake ulikuwa mutamu, mafundisho yake machache. Lakini alipoulizwa juu ya nyota alikubali bila kuzunguka kwamba hajui, na Agustino anamusifu kwa hilo. Naipenda sana sehemu hii. Muandishi anamwonea haki mutu ambaye angeweza kumuchekesha mbele ya wasomaji wote.

Sasa tunafika penye utajiri wa kitabu. Musomaji anafikiri: basi ametoka. Hapana. Huko Roma alikaa katika nyumba ya Mumanikeo mumoja, na kazi ya ualimu huko Milano aliipata kwa musaada wa Wamanikeo. Tena moyo ulipokwisha kuwaacha, picha zao zilibaki kichwani. Hakuweza kufikiri kitu kisicho na mwili. Alimuwaza Mungu kama bahari isiyo na mupaka, na dunia kama sponji iliyojaa maji yake. Ubaya aliuona kuwa kitu chenye uzito wake, kinachosukumana na Mungu. Aliogopa kusadiki kwamba Neno alifanyika mwili katika tumbo la Maria, asije akamuchafua Mungu. Hata zambi zake hakuzijua kuwa zake, maana alikuwa amefundishwa kwamba si yeye anayetenda zambi, ila asili nyingine ndani yake. Hilo, anasema, lilipendeza kiburi chake.

Na kuna picha moja iliyokuwa mbaya kuliko zote: picha ya Ekleziya. Wamanikeo walikuwa wamemwambia kwamba wakatoliki wanamusadiki Mungu mwenye umbo la mutu, mwenye nywele na kucha. Alipomusikiliza Askofu Ambrosio huko Milano, alitambua kwa haya kwamba miaka yote alikuwa akipigana na kitu ambacho Ekleziya haikukifundisha kamwe. Ametoka kundini, kumbe anaendelea kuiona imani yetu kwa macho waliyomupa. Si ajabu kwamba kwa wakati fulani alitaka kufuata wale wenye elimu wanaosema hakuna neno la hakika. Anajifananisha na mugonjwa aliyeangukia munganga mubaya, sasa anamwogopa hata aliye mwema.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mumoja aliyetoka katika kikundi cha sala ambamo dawa iliitwa ukosefu wa imani. Alikuwa amekwisha kutoka miaka 2. Lakini dawa ya malaria ya mutoto wake aliificha chini ya godoro, na kila alipomunywesha aliomba Mungu amusamehe. Mimi nilimupeleka kwa katekista aanze somo la kwanza pamoja na watoto. Kazi ya bure! Hakuwa mutu asiyejua kitu. Alikuwa mwenye kujua mengi yasiyo kweli, na hayo hakuna aliyemwuliza.

Agustino alisaidiwa namna gani? Ambrosio hakubishana naye. Hakupata hata nafasi. Alimupokea kwa upole, akaendelea kuhubiri, na mwingine akasikiliza. Agustino akajiandikisha kuwa mukatekumeni, bila hakika bado, akangoja. Mbele yake kuna askofu mwingine ambaye jina lake hatupewi. Yeye, akiwa mutoto mudogo, mama yake alimukabizi kwa Wamanikeo. Alisoma karibu vitabu vyao vyote, hata akavinakili kwa mukono, akaona mwenyewe kwamba ni wa kukimbiwa, bila mutu kubishana naye. Monika alipomusihi aseme na mwana wake alikataa: bado, amwache, amwombee tu. Tunapenda kukumbuka neno lake juu ya machozi ya mama, lakini tunasahau kwamba aliyelisema alikuwa ametoka mule mule. Na Monika, aliyekuwa amekataa kula meza moja na mwana wake, alimurudisha mezani baada ya ndoto, miaka mingi mbele ya ubatizo wa Pasaka ya 387.

Kitabu kina upungufu wake. Agustino aliandika kati ya mwaka 397 na 401, akiwa askofu, na mara nyingi anajichekea yule kijana kupita kiasi, hata hatuoni tena uzuri gani alioupata kule. Juu ya rafiki aliowavuta yeye mwenyewe anasema machache. Yule aliyekufa Tagaste anamulilia kurasa nyingi; Honorato hapati nafasi, ingawa alikuwa amekwisha kumuandikia.

Na kuna neno zito zaidi, lililo nje ya kitabu. Alipowaandikia Wamanikeo, wakati ule ule wa Maungamo, alisema kwamba hawezi kuwaonea ukali, kwani anajua kwa nafsi yake taabu ya kuitafuta kweli. Lakini kwa Wadonato, ambao hakuwahi kuwa wao, alifuata njia nyingine. Kwanza alikataa mutu alazimishwe. Karibu na mwaka 408 anaeleza katika barua kwamba amegeuza shauri, na anakubali sheria za Kaisari ziwarudishe kwa hofu. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa kusadiki. Mimi sioni namna ya kupatanisha barua ile na miaka 9 ya Kartago, wala sitaki kumutetea kwa nguvu. Aliyejua kwamba picha za uwongo haziondoki hata kwa hiari, alitumaini namna gani kwamba hofu itaziondoa?

Alama ya Mani haikumwacha mpaka uzee. Yuliano wa Eclanum, akibishana naye juu ya zambi ya asili, alimutupia neno kwamba bado ni Mumanikeo, kwamba ubaya ule wa zamani ameuvika tu nguo ya kikatolika. Agustino alikuwa bado anamujibu alipokufa huko Hippo mwaka 430, na kazi ile haikumalizika.