Jinsi Zebaki Ilivyolazimishwa Kujishuhudia

Maji yaliyoingiwa na zebaki hayana rangi wala harufu ya kumwonya mnywaji, na kadiri iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani kuwa mpaka wa salama, yaani maikrogramu 6 za zebaki isokaboni katika lita moja ya maji ya kunywa, ni ndogo mno hata isitambulikane ila kwa mitambo ya maabara yenye gharama kubwa na mafundi waliosomea kazi hiyo. Kwa sababu hiyo wanakemia wamejitahidi miaka mingi kutengeneza dawa za kung'aa zikutanapo na metali hii. Na miongoni mwa juhudi hizo iko kazi iliyotangazwa mwaka 2005 na Jinsung Tae na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, mjini Seoul, Korea Kusini, ambayo yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa iliondoa kwa hekima taabu kubwa ya fani hii.

Taabu yenyewe ni hii. Molekuli ya kung'aa hupokea nuru, ikapanda daraja ya nishati, kisha ikairudisha nishati ile kwa nuru ya rangi nyingine. Lakini atomu nzito kama ya zebaki, ikiikaribia molekuli iliyo katika hali hiyo, huifungulia njia ya kupoteza nishati pasipo kutoa nuru, na mng'ao ukafifia. Mtu aweza kusema, basi na tupime kule kufifia. Walakini kufifia ni shahidi dhaifu, kwani tope, shaba, chuma, hata kuchakaa kwa dawa yenyewe, vyote huleta kufifia vile vile, ilhali nuru izukayo mahali palipokuwa na giza haina visingizio vingi.

Wataalamu wa Yonsei hawakushindana na tabia hiyo ya zebaki, bali waliitegea kwa tabia yake nyingine, nayo ni kuishika salfa kwa nguvu kupita metali nyingi. Walitwaa rodamini 6G, rangi nyekundu yenye mng'ao mkali, wakaiunga na hidrazini hata pete moja ya ndani ikafungika, na rangi na mng'ao vikatoweka pamoja. Kisha, kwa hatua ya pili, wakaipachika sehemu yenye atomu ya salfa. Zebaki ifikapo huikamata salfa ile na kuing'oa, na atomu zilizobaki hujipanga upya zikafanya pete nyingine iitwayo oksadiazoli. Na katika kujipanga huko pete ya kwanza hufunguka, rodamini ikarudiwa na rangi yake na nuru yake, wakati zebaki imekwisha kujitenga pamoja na salfa, isiwe tena na nafasi ya kuizima.

Matokeo yalikuwa dhahiri: dawa hujibu papo hapo katika joto la kawaida, molekuli moja kwa ayoni moja, na huhisi zebaki iliyo chini ya sehemu 2 katika bilioni, kiasi kilicho ndani ya mpaka tulioutaja. Insafu yatudai tukumbuke kwamba njia ya kuifungua pete ya rodamini ilikwisha kuonyeshwa na Anthony Czarnik na wenzake mwaka 1997, walipoitumia kuitambua shaba. Fadhila ya Yonsei ni kuchagua tendo ambalo zebaki hulifanya upesi, na metali nyingine haziliwezi vivyo hivyo.

Hata hivyo tendo hili halirudi nyuma, kwa hiyo dawa iliyokwisha kung'aa haitumiki tena. Na fauka ya hayo, zebaki iliyokwisha kushikwa na salfa ya mabaki ya mimea mtoni yaweza kupita bila kuigusa, hata ukimya wa dawa usiwe hati ya usafi. Katika sehemu kama Geita, ambako wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kifaa cha namna hii, kikitiwa katika karatasi au silika, chaweza kuonyesha ni kisima kipi kipelekewe mpimaji wa maabara kwanza. Lakini sharti kijaribiwe katika maji yale yale ya tope wanayoyateka watu, kwa maana kipimo kilichofaulu katika maji safi ya chupa hakijawa bado amana ya kuaminiwa juu ya afya ya umma.