Mwalimu wa Bunduki

Nenda Arua mchana wowote, upite mbele ya maduka makubwa, umtazame mlinzi. Mara nyingi ni kijana. Amekalia stuli ya plastiki, bunduki kaisimamisha katikati ya magoti, na kidevu kakipumzisha juu ya mdomo wa mtutu. Watu wanapita na mifuko yao ya sukari na sabuni, hakuna anayeshtuka. Ukimuuliza, atakujibu kwa adabu kabisa kwamba haina risasi. Nami humwamini, maana vijana wetu si waongo. Lakini mimi nimekulia Ludara, huko Koboko, na wazee wa kwetu waliopita jeshini walikuwa na msimamo mmoja: hakuna bunduki tupu mpaka uifungue mwenyewe kwa mkono wako na kuona kwa jicho lako.

Wengine kati ya wazee hao walikuwa walimu. Ukitaja mwanajeshi wa West Nile, kanda yetu hii, mawazo ya Waganda wengi hukimbilia kwa mtu mmoja tu, na huyo nitamfikia. Ninayetaka kumsifu leo hana sanamu wala kitabu. Ni sajini aliyepewa kazi ya kufundisha silaha, ambaye maisha yake yote ya utumishi aliyamaliza akirudia somo lile lile mbele ya makuruta wapya, na ambaye akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Hakuna anayelipuliwa mguu, hakuna habari ya kuandikwa gazetini. Ufundi wa namna hiyo ni mgumu kuusifu.

Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Aliingia Kikosi cha Nne cha King's African Rifles pale Jinja miaka ya mwisho ya ukoloni, akapanda cheo polepole, akafundisha. Nilipopata akili alikuwa amekwisha kustaafu, analima muhogo na tumbaku kama wenzake, ila shati lake halikukosa pasi na kijiji kizima, hata imamu, kilimwita Afande. Vijana waliotaka kwenda kuandikishwa walimjia jioni chini ya mwembe wake. Alikuwa na bunduki ya mti aliyoichonga mwenyewe. Ndani ya kitako chake alikuwa amepachika kipande cha chuma, ili uzito wake ukaribie kilo nne, sawa na Lee-Enfield aliyoizoea. Kuruta anayefunzwa na kitu chepesi, alisema, mikono yake hujifunza uongo.

Kulikuwa pia na kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, alichokitoboa tundu dogo katikati. Jeshini walikuwa na kidude rasmi cha kazi hiyo, yeye alijitengenezea chake. Kijana analala kifudifudi na bunduki, Afande naye analala mbele yake umbali wa hatua chache, uso kwa uso, kifuniko amekibandika kwenye jicho. Kijana anaambiwa alenge lile tundu. Kupitia hapo hapo mwalimu anaona kila kitu: kama alama ya mbele imekaa katikati ya ile ya nyuma, kama mkono unatetemeka, kama kijana anafumba jicho kabla hajabana kifyatulio. "Unalenga sikio langu, mwanangu," alikuwa akisema, bila hasira. "Vuta pumzi. Itoe nusu. Sasa rudi kwangu."

Fikirini huo ni mtihani gani kwa mwalimu. Jeshini bunduki ni ya kweli, na yeye anaweka jicho lake mbele ya mtutu wa kuruta aliyewasili juzi, asiyejua kushoto na kulia. Kwa hiyo kabla ya kulala chini huifungua ile bunduki yeye mwenyewe, komeo nyuma, anachungulia chemba, anaingiza kidole, kisha anampa mwingine naye achungulie. Afande wetu alifanya hivyo hivyo na bunduki ya mti! Alivuta komeo lisilokuwepo, akachungulia chemba ambayo ilikuwa mbao tupu, akainua kichwa na kutangaza kwa sauti ya paredi kwamba silaha ni salama. Sisi watoto tulikuwa tukijiziba midomo kwa kicheko. Vijana waliokuwa wakifunzwa hawakucheka, kwa sababu kila mmoja alitakiwa kurudia vile vile kabla ya kuigusa, na aliyeruka hatua moja alirudishwa mwisho wa mstari.

Zoezi jingine lilihitaji sarafu ya senti kumi tu, ile ya zamani yenye tundu katikati. Iliwekwa juu ya mtutu karibu na mdomo, kijana akabana kifyatulio taratibu, na sarafu isianguke. Ikianguka, anza tena. Kulikuwa pia na lile la pembetatu: bunduki inalazwa juu ya magunia ya mchanga ili isisogee, karatasi inabandikwa ukutani, mwenzako anasogeza kibao chenye alama mpaka useme "hapo", naye anatia nukta kwa penseli. Mara tatu. Nukta tatu zinafanya pembetatu, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo jicho lako linavyoaminika. Hakuna risasi iliyotoka, na tayari mwalimu amekujua wewe ni mtu wa haraka, au wa woga, au wa kujifanya.

Hayo yote yalikuja kwetu kutoka mbali. Waingereza walikuwa na shule ya kulenga shabaha pale Hythe tangu 1853, na utaratibu wake ukaenezwa katika majeshi yao yote, hadi kwenye viwanja vya Jinja. Kueleza kwanza, kisha kuonyesha, kisha kuruta aige, kisha arudie mpaka mwalimu achoke kabla yake. Na aliyetaka kuwa mkufunzi hakuulizwa tu kama anajua kupiga shabaha. Wapiga shabaha walikuwa wengi, wakivaa nembo ya bunduki mbili zilizopishana kwenye mkono wa shati. Mkufunzi alisimamishwa mbele ya wakaguzi na kuambiwa: fundisha. Afande alitusimulia jinsi alivyofunguliwa bunduki ya rashasha ya Bren juu ya turubai huku amefungwa kitambaa machoni, aitaje kila sehemu, aiunganishe tena, na wakati huo huo ajibu maswali ya kijinga ambayo kuruta angeuliza. Kwa nini magazini ya risasi thelathini tunaijaza ishirini na nane? Kwa sababu springi nayo huchoka, bwana. Aliyekasirishwa na maswali aliangushwa, hata kama mikono yake haikukosea.

Lugha ya mafunzo ilikuwa Kiswahili. Kusini mwa nchi yetu Kiswahili kimelaaniwa sana kuwa lugha ya askari na wezi, na tangazo la Rais Idi Amin la 1973 kukifanya lugha ya taifa halikukisaidia hata kidogo. Kwetu Ludara watu wengi walikisikia kwanza kwa mtu aliyekuwa akiwaambia vijana wa Kikakwa, wa Kilugbara na wa Kimadi, wote pamoja, kwamba kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka jicho limekubali.

Silaha zenyewe ziliwahi kufika huku kabla ya walimu. Wafanyabiashara wa Khartoum walikuja na magobori yao kutafuta pembe na watumwa. Baada yao wakaja wawindaji wa tembo wa eneo la Lado kama W. D. M. Bell, ambaye walau alikuwa mtu wa kujifunza, akipasua vichwa vya tembo ili ajue risasi ndogo ipite wapi. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard akawachukua askari wa Kisudani walioachwa nyuma na gavana Emin Pasha, wakazaa Uganda Rifles ya 1895, nayo ikamezwa na King's African Rifles mwaka 1902. West Nile yenyewe iliingizwa Uganda 1914, na tangu hapo waandikishaji hawakuacha kuja. Mwaka 1944 Kikosi cha Nne kilikuwa vitani katika bonde la Kabaw, Burma. Kuna familia za kwetu ambazo hadi leo zinahifadhi medali za huko kwenye kopo la chai.

Sasa yule mtu. Idi Amin, mtoto wa Kikakwa kama sisi, alipenda kusema alipigana Burma, ingawa aliandikishwa 1946, vita vikiwa vimekwisha. Alitoka kwenye uwanja ule ule wa kwata, akafunzwa na masajini wa aina ile ile, akapewa cheo cha effendi, kilichokuwa chini ya uofisa, 1959 na uofisa 1961. Wapo wanaoniambia kwamba basi mafunzo hayo hayakuwa na thamani. Sikubali. Mwalimu wa silaha anakufundisha usiue kwa bahati mbaya. Kuua kwa kusudi ni somo la watu wengine. Ila nakiri kwamba neno "West Nile" lilichafuka, na walimu wetu wakachafuka nalo bila kuulizwa.

Kilichouharibu ufundi wenyewe ni haraka. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi, wakamshikilia waziri Felix Onama, na Serikali ikawaongezea mishahara na kuwapandisha vyeo Waafrika mbio mbio. Ilikuwa haki yao, maana Waingereza walichelewa mno. Lakini unapomtoa sajini uwanjani na kumkalisha ofisini kwa miezi, nani anabaki na makuruta? Walikuja wakufunzi wa Israeli, nao wakafukuzwa 1972. Jeshi likavimba, waliofundishwa juzi wakawafundisha wa leo. Afande alitoka jeshini wakati huo. Hakupenda kueleza kwa nini, na sisi hatukumbana.

Mwaka 1979, Kampala ilipoanguka mwezi wa Aprili na utawala wa Amin pamoja nayo, bunduki zilikimbia kuliko watu. Kule Moroto ghala la kambi lilivunjwa na silaha zikaingia mikononi mwa wafugaji, na Karamoja bado inalipa gharama yake. Huku kwetu zilivuka kwenda Kongo na Sudan pamoja na wakimbizi, zikarudi na waasi, zikafukiwa mashambani. Kizazi kizima kilijua kufyatua kabla ya kujua kufungua chemba. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 na mkataba kati ya Serikali na waasi uliotiwa saini Yumbe mkesha wa Krismasi 2002 viliwarudisha wengi nyumbani, namshukuru Mungu. Silaha zilikusanywa. Ustadi wa kuzishika haukurudi nazo.

Leo kazi imehamia kwenye kampuni za ulinzi. Zina leseni na kanuni, na kijana hupewa karatasi yenye muhuri inayosema amefunzwa. Nimezungumza na walinzi kadhaa, nisiwataje, na ukiwauliza kuhusu mafunzo watakueleza zaidi juu ya kupiga saluti na kufungua geti. Bunduki walionyeshwa. Wengine walifyatua risasi chache wakaambiwa inatosha. Hakuna aliyewalalia mbele ya mtutu na kuwatazama machoni. AK, ambayo sote huku tunaiita SMG, ina kishikio kikubwa cha usalama upande wa kulia, chenye mlio ambao ungemwamsha aliyelala. Mlinzi mmoja alinionyesha jinsi anavyokiacha chini muda wote, bunduki tayari kufyatua, kwa sababu mlio huo unawaudhi wateja.

Mei 2023 Uganda ilishtushwa na mauaji ya watu wawili. Waziri mdogo Charles Okello Engola alipigwa risasi nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe. Siku kumi baadaye mkopeshaji fedha aliuawa ofisini Kampala na konstebo wa polisi, ambaye wakubwa wake walieleza kuwa alikuwa amezuiwa kushika silaha. Bunduki aliichukua kwa mwenzake. Sitadanganya kwamba senti kumi juu ya mtutu ingewaokoa. Mambo ya mishahara na maradhi ya akili yana waganga wake. Lakini lile la pili linaniuma, kwa kuwa ni jambo ambalo walimu wa zamani walilishughulikia kila jioni. Afande alisimulia jinsi bunduki zilivyopangwa kwenye fremu, mnyororo ukapitishwa kwenye vikingo vya vifyatulio, kufuli likafungwa, sajini akazihesabu na mtu mwingine akazihesabu tena. Na kabla ya kuondoka uwanja wa shabaha, kila askari, hata awe ofisa, alisimama mbele ya msimamizi na kutamka kwamba hana risasi wala ganda mwilini mwake. Mtu mzima, mwenye mvi, anageuza mifuko yake kama mtoto aliyeshukiwa kuiba sukari. Hakuna aliyeona ni aibu.

Afande amekwisha kufa. Bunduki ya mti, nasikia, ilichomwa na wapwa wake wakati fulani ambapo kukutwa na kitu chenye umbo la bunduki kulitosha kumpeleka mtu mahali asikorudi. Kifuniko cha kopo sijui kiko wapi. Lakini Koboko na Arua hazijaishiwa wastaafu wa jeshi na polisi waliofunzwa taratibu na wanaoweza kufunza taratibu. Wanakaa barazani, wanangoja pensheni. Wenye kampuni za ulinzi wangeweza kuwaita, na wanaotoa vyeti vya ukufunzi wangeweza kuanza kudai kwamba mwombaji asimame na kufundisha mbele yao, aulizwe maswali ya kijinga, wamwone anavyojibu.

Nanyi wazazi wa Ludara, mtoto akija na habari njema kwamba amepata kazi ya ulinzi mjini, msianze na swali la mshahara. Muulizeni jina la aliyemfundisha bunduki. Akishindwa kulitaja, mzuieni nyumbani kwanza, mkamtafutie mzee wa kumfunza.