Hakimu Asiyejali

Nimekutana tena na kosa la kuchanganya uninterested na disinterested, safari hii katika hotuba ya mwanasheria aliyemsifu hakimu kwa Kiingereza. Alikusudia kusema kwamba hakimu yule hana maslahi yoyote katika kesi. Akaandika uninterested, yaani kesi yenyewe haimshughulishi. Neno lililostahili ni disinterested. Mshtakiwa gani angependa kuhukumiwa na mtu anayepiga miayo?

Kila nionapo kosa hili huwakumbuka watunga kamusi, mafundi tusiowashukuru vya kutosha. James Murray, mhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake Oxford, ndani ya kibanda cha mabati kilichojengwa bustanini kwake, chenye baridi kali. Kutani kulikuwa na visanduku vilivyojaa vikaratasi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea: neno moja, sentensi moja, jina la kitabu, mwaka. Fundi alichukua fungu la neno moja, akasoma kikaratasi kimoja baada ya kingine, akatenga. Sentensi hii inazungumzia mtu asiyependelea upande. Ile, mtu asiyejali. Hii iende huku, ile kule, na nyingine ingoje kwanza, kwa kuwa maana yake bado haijakaa sawa. Naipenda subira hiyo ya kukubali neno moja lingoje.

Vikaratasi vilionyesha jambo la ajabu. Katika karne ya 17 disinterested iliwahi kumaanisha kutojali, na uninterested kutopendelea, karibu kinyume cha tunavyofundishwa leo. Mpaka kati ya maneno hayo uliwekwa polepole na vizazi vya waandishi waliohitaji neno la peke yake kwa uadilifu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuulinda: uligharimu muda mrefu.

Kamusi yenyewe nayo iligharimu muda mrefu: sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 kazi ikiendelea. Ilikamilika mwaka 1928.

Siku hizi mwandishi akitegemea kikagua tahajia cha kompyuta peke yake, hicho hutazama herufi tu, na kwa kuwa maneno yote mawili yameandikwa sawasawa, huyapitisha. Mwandishi naye huridhika, hafungui kamusi. Neno la uadilifu linapotea hivyo, hati baada ya hati.

Ninyi mnaoandika hukumu na mikataba kwa Kiingereza hapa Afrika Mashariki, nawaomba: kabla ya kutia sahihi, someni maana ya maneno hayo mawili.