Sifa za Anayepima Kwanza

Mto Mubuku unafika kwetu Karusandara, Kasese, Uganda, ukiwa umekwisha kufanya kazi mara tatu. Huko juu, kwenye miteremko ya Rwenzori, maji yake yamezungusha mtambo wa umeme uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Yamezungusha mtambo wa Bugoye, megawati 13, ulioanza kazi mwaka 2009. Yamezungusha pia ule wa kampuni ya kobalti ya Kasese. Yakishateremka tambarare kuna mifereji ya umwagiliaji inayoyangoja, kuna mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, halafu mafunjo, halafu Ziwa George. Mtu wa Karusandara anaishi mwisho wa mto. Lolote litakaloamuliwa juu, yeye atalipokea chini.

Kwa sababu hiyo nina deni la shukrani kwa mafundi ambao majina yao hayaandikwi kwenye vibao vya uzinduzi. Waziri hukata utepe, mhandisi hupigiwa makofi, na ni haki yao. Lakini kabla ya zege la kwanza alikuwepo, au alipaswa kuwepo, kiongozi wa utafiti: mtu wa kuamua kipimwe nini, wapi, saa ngapi na kwa miaka mingapi, kisha akawashikilia wenzake katika uamuzi huo wakati mvua inanyesha, fedha zimechelewa na mwenye mradi anataka jibu kesho. Sifa zangu ni zake.

Chukua suala la barafu. Hapa kwetu Mubuku huhesabiwa kuwa mtoto wa theluji. Na kwamba barafu ya Rwenzori inakwisha, hilo halina ubishi. Msafara wa Duke wa Abruzzi, Mwitaliano, ulipopanda mwaka 1906, barafu ilifunika kilomita za mraba zipatazo 6.5. Mwaka 1987 zilibaki kama 2, na mwaka 2003 haikutimia hata moja. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, hofu inajileta yenyewe: barafu ikiisha mto nao umeisha, mitambo mitatu itanyamaza na mifereji itabaki mavumbi.

Hofu hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Ilichokosa ni kipimo. Richard Taylor na wenzake, akiwemo Callist Tindimugaya wa idara ya serikali ya Uganda inayosimamia rasilimali za maji, walipima mtiririko katika miinuko tofauti, kuanzia karibu na barafu hadi miguuni pa mlima. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Barafu inachangia chini ya asilimia 2 ya maji ya Mubuku yanapofika chini, iwe masika au kiangazi. Mengine yote ni mvua inayoangukia msitu, vichaka vya mlimani na ardhi ya majimaji yenye kuvumwani, kisha kuachiwa pole pole.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hilo, kwa maana ndani yake ndimo ulimo ufundi wenyewe. Mti wa kipimo mmoja, wa kusomea kina cha maji, kule chini, hata ungesomwa miaka hamsini, usingeweza kusema maji haya yametoka wapi. Picha za barafu kutoka angani, hata zingekuwa safi namna gani, zisingesema mto unategemea nini. Jibu lilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyekaa chini na ramani akasema: tupime hapa, na hapa, na hapa tena, majira yote mawili. Na jibu hilo lina uzito kwa Karusandara. Linatuambia kwamba mlinzi wa mto wetu ni msitu na tope la mlimani. Barafu tunaweza kuililia, na mimi naililia, maana ni uzuri unaoondoka na ni dalili ya joto la dunia nzima. Lakini anayekata miti juu ya Bugoye anagusa maji yetu zaidi kuliko jua linaloyeyusha barafu ya kilele cha Margherita huko juu.

Kazi kama hiyo ina watu wake wa chini pia, na kiongozi mzuri huwajua kwa majina. Mtu anayekaa karibu na daraja anapewa daftari, anashuka mtoni kusoma ule ubao wenye alama za sentimita, anaandika, anarudi nyumbani. Ujira ni mdogo. Mafuriko yakija yanaweza kuung'oa ubao wenyewe; Mei 2020 mito ya Kasese ilivunja kingo zake, Mubuku na Nyamwamba ikiwemo. Ila siku ambazo mto una hasira ndizo ambazo takwimu yake ina thamani kubwa kuliko zote, na ndizo siku ambazo ni hatari kuifuata. Kuongoza utafiti ni pamoja na kumwambia msomaji huyo asishuke leo, na kutafuta njia nyingine ya kujua.

Kusini mwa Karusandara, mwendo mfupi tu kwa mtumbwi kupita mafunjo, kuna mfano mwingine, wa zamani kidogo, ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kasese aujue. Kati ya 1966 na 1972 Ziwa George lilikuwa miongoni mwa maziwa yaliyochunguzwa kwa kina kuliko mengine yote ya nchi za joto. Royal Society ya London ilishirikiana na Uganda, chini ya mpango wa kimataifa wa biolojia wa miaka ile, na maabara ikawa Kasenyi, kando ya ziwa. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba kama 250, na kina chake kwa wastani hakifiki hata mita tatu. Ikweta inalipita. Ni kijani kama mboga iliyopondwa, na viboko wake hula nyasi nchi kavu usiku kisha kurudisha samadi majini.

Timu ile ilikuwa na mtu wa mwani, mtu wa tope, mtu wa wadudu wa majini, mtu wa samaki. Hapo ndipo miradi mingi hufa: kila mmoja huondoka na lake, na mwishoni kuna vitabu vinne visivyosalimiana. Wale wa Ziwa George walipima pamoja na kuandika pamoja, na mwaka 1973 matokeo yakachapishwa London yakiwa habari moja ya ziwa moja. Waligundua kwamba katika ziwa la ikweta mabadiliko ya siku moja huweza kuzidi mabadiliko ya mwaka mzima. Mchana jua hupasha maji ya juu, nayo hutengana na ya chini; kisha upepo na baridi ya usiku huyachanganya tena. Yaani anayekuja kupima saa nne asubuhi tu, kila mwezi, kwa nidhamu yote, ataondoka na ziwa ambalo halipo. Ilibidi watu wakeshe ndani ya mashua, saa ishirini na nne, kati ya viboko. Nani anaagiza hivyo? Kiongozi anayejua kwamba swali lake lina saa zake.

Saa hizo hizo zilijitokeza tumboni mwa samaki aitwaye ngege. Ilikuwa ikisemwa kwamba samaki hawezi kumeng'enya ule mwani wa bluu-kijani unaolijaza ziwa. Moriarty, mmoja wa timu hiyo, alionyesha kwamba ngege anaweza, kwa asidi kali ya tumbo lake, lakini asidi hiyo hupanda kadiri anavyokula: mwani wa alfajiri hupita ukiwa mzima, wa baadaye humeng'enywa. Angepima samaki wa asubuhi peke yao angethibitisha kosa la waliomtangulia. Naye J. J. Gwahaba alichunguza jinsi uvuvi ulivyobadilisha ngege wa ziwa lile katika miaka ishirini iliyotangulia, akaonyesha kwamba samaki waliokuwa wakivuliwa wamekuwa wadogo. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila rekodi za watu waliopima samaki kabla ya mtafiti kufika. Mwaka wa kabla ukishapita haununuliki.

Jambo hilo hilo nimelikuta mbali kabisa, katika bahari baridi za Denmark, ambako mwaka 1991 mitambo 11 ya upepo ilisimikwa majini Vindeby, shamba la kwanza la aina hiyo duniani. Mashamba makubwa yalipofuata, Horns Rev mwaka 2002 na Nysted mwaka 2003, watafiti walianza kazi kabla ya nguzo. Rada ilifuatilia bata wa baharini wanaohama, mchana na usiku, kabla na baada. Pale Nysted makundi yaliyoingia eneo hilo yalipungua sana mitambo ilipoanza kuzunguka. Usiku yaliingia zaidi kuliko mchana, lakini yalipita katikati ya safu na kujitenga na kila mtambo. Chini ya asilimia moja ya ndege hao walikaribia kiasi cha kuwa hatarini. Pomboo wadogo nao walisikilizwa kwa vinasa sauti vilivyozamishwa. Horns Rev walirudi ujenzi ulipokwisha. Nysted walichukua miaka mingi, na hawakurudi kwa wingi ule. Ni nchi moja, wapimaji wa shule moja, na majibu mawili. Anayetaka kubeba jibu la bahari moja kulipeleka bahari nyingine, au la mto mmoja kulipeleka mto mwingine, asome habari ya pomboo hao.

Kenya wamelichukua suala hili la ndege na mitambo kwa namna yao kule Kipeto, Kajiado, kwenye mitambo 60 ya upepo: watu wenye darubini huangalia anga, na tai mzoga akikaribia, mtambo husimamishwa. Napenda sana kwamba amri ya kuzima mashine inayotoa umeme iko mkononi mwa mtu anayejua ndege.

Hapa kwetu hatuna bahari, na upepo wa Kasese si wa kujivunia. Tuna mto. Mitambo ya Mubuku haina bwawa kubwa. Huchepusha maji, huyapitisha kwenye mfereji na bomba, huyaangusha, kisha huyarudisha. Kati ya pale yanapotolewa na pale yanaporudishwa kuna kipande cha mto kinachobaki na maji machache, na kiangazi huwa machache zaidi. Sheria ya mazingira ya Uganda, ya mwaka 1995 na iliyoirithi mwaka 2019, inadai tathmini kabla ya mradi, na tathmini nyingi huandikwa kwa haraka ya mwenye fedha. Ningependa pawe na mtu wa kuuliza kipande hicho kiachiwe maji kiasi gani mwezi wa Februari ili samaki wapite na mifugo inywe, na mchanga unaonaswa kwenye milango ya kuchepushia unafika lini Karusandara, kwa pole pole au kwa mkupuo mmoja unaoziba mifereji. Hayo yanataka mti wa kipimo mmoja juu ya mlango wa kuchepushia, mmoja katika kipande kile chenye maji machache, na mmoja huku kwetu, na watu watatu wa kuisoma kwa saa zile zile, mchana na usiku, kuanzia kiangazi hiki, kabla hajaja mwenye ramani ya mtambo wa nne.